Kabla Hujamlipa Mtu Akutafutie IP

Ukiibiwa akaunti, ukitukanwa na mtu aliyejificha nyuma ya jina bandia, au ukigundua kuna mgeni ameingia kwenye barua pepe ya ofisi, haipiti siku kabla hajatokea kijana mwenye kompyuta ya mapajani akakwambia: "Nipe faranga elfu ishirini, nitakupa IP yake na mahali alipo." Hapa Kigali wapo Nyamirambo, wapo Remera, wapo kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wanaokwenda Dar na Kampala. Ushauri wangu ni kwamba hiyo pesa ibaki mfukoni. Sisemi wote ni matapeli. Wengine kweli watakuletea namba, na namba yenyewe itakuwa sahihi. Lakini kutoka kwenye namba hadi kwenye mlango wa mtu kuna safari, na funguo za safari hiyo ziko kwa watu wengine kabisa.

Anachofanya kijana huyo ni kazi ya dakika tano. Anatengeneza kiungo kifupi kinachopitia kwenye seva fulani, anakupa umtumie mshukiwa na maneno ya kumvuta, tuseme "picha za harusi zimetoka, jione". Mshukiwa akibofya, seva inaandika saa, aina ya simu na anwani ya IP iliyotumika, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti. Basi. Kila tovuti unayoifungua huandika hayo hayo kukuhusu wewe, na hakuna anayelipwa elfu ishirini kwa hilo.

Anwani hizo hugawanywa kwa ngazi. Juu kabisa kuna IANA, inayotunza hazina ya anwani za dunia nzima. IANA haishughuliki na mimi na wewe. Hutoa mafungu makubwa kwa sajili tano za kanda. Ya kwetu ni AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. AFRINIC huwagawia wanachama wake, ambao ni kampuni za simu, watoa huduma za intaneti, vyuo vikuu, benki. Kampuni humgawia mteja. Na ukiwa na rauta nyumbani au dukani, rauta hiyo nayo huvigawia vifaa vyako. Kila ngazi ina daftari lake la nani amepewa nini na lini. Kumfuatilia mtu kwa IP ni kushuka daftari hadi daftari, na kati ya yote hayo ni lile la juu tu ambalo raia wa kawaida anaruhusiwa kulifungua.

Mkazi wa Kigali anazijua namba za barabara zetu: KN ni Nyarugenge, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro. Ukiona kibao cha KG unajua uko wilaya gani, ila kibao hakikwambii nani alilala kwenye nyumba hiyo usiku wa juzi. IP ni hivyo hivyo, tena kwa ubaya zaidi, kwa sababu wapangaji wake huhama mara kadhaa kwa siku.

Daftari la wazi linaitwa whois, na halina malipo. Ingia kwenye tovuti ya AFRINIC, tafuta kisanduku cha whois, andika anwani uliyoipata. Utaletewa mistari kadhaa: fungu linaanzia wapi na kuishia wapi, jina la mtandao, herufi mbili za nchi (RW ikiwa ni Rwanda, KE, TZ, na kadhalika), jina la kampuni iliyopewa fungu hilo, na mara nyingi barua pepe ya kupeleka malalamiko ya matumizi mabaya. Jina la mtu anayetumia hutalikuta. Utakachokuta ni moja ya kampuni ambazo kila mtu mjini anazijua, na kwa hilo tu hukuhitaji kumlipa mtu.

Hata zile herufi mbili za nchi zisome kwa tahadhari. Anwani nyingi zinazoanza na 41, 102, 105, 196 au 197 zilitoka kwenye fungu la Afrika, lakini kutoka Afrika si lazima kuwa Afrika. AFRINIC ilifanya ukaguzi wake wa ndani na Januari 2021 ikatangaza kwamba anwani zaidi ya milioni 4 zilikuwa zimechezewa, ama kwa kugawiwa bila sababu, ama kwa kubadilishiwa umiliki kinyemela. Mwaka huo huo ikaingia kwenye mgogoro mkubwa na Cloud Innovation, kampuni iliyosajiliwa Ushelisheli iliyokuwa na anwani zaidi ya milioni 6 ambazo nyingi zilikuwa zikikodishwa nje ya bara hili. AFRINIC ilipotaka kuzirudisha, kampuni ilikwenda mahakamani Mauritius, akaunti za sajili zikazuiwa, na Septemba 2023 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Bodi mpya haikupatikana hadi Septemba 2025. Nayataja haya kwa sababu yanamhusu hata mwenye duka la simu Nyabugogo: ukiona anwani "ya Afrika" imejaribu kuingia kwenye akaunti yako, usikimbilie kumshuku jirani. Huenda mwenye kuitumia hajawahi kukanyaga bara hili.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda hata mafundi wengi kulieleza. Anwani za mfumo wa zamani, ule wa namba nne zenye nukta katikati, jumla yake ni 4,294,967,296. Zilionekana nyingi zilipobuniwa. Tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila sajili, hazina ikakauka. AFRINIC ilikuwa na akiba kuliko wenzake, ikasogeza siku, lakini tangu Januari 2020 mwanachama anayeomba hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni ya simu yenye wateja kwa mamilioni itafanya nini na anwani elfu moja?

Itawashirikisha. Unapowasha bando kwenye simu yako ukiwa stendi ya Nyabugogo, kampuni inakupa anwani ya ndani, ambayo ulimwengu wa nje hauioni. Ukifungua tovuti, mtambo wa kampuni unaibadilisha na kuweka anwani ya nje, na anwani hiyo hiyo wakati huo huo inatumiwa na wengine wengi: abiria wa basi la Huye, mwanafunzi wa Kacyiru, mama anayeuza nyanya Kimironko. Kinachowatofautisha ni namba ya poti. Kila anwani ina poti 65,536, na mtambo humkatia kila mteja sehemu yake. Kampuni ikimpa kila mteja poti 1,000, anwani moja inatosha wateja zaidi ya 60 kwa wakati mmoja, na baada ya muda poti zile zile anapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiipelekea kampuni IP peke yake, umewapelekea basi zima la abiria na kuwaambia mwizi yumo humo. Ukiongeza saa kamili hadi sekunde, basi linapungua watu. Ukiongeza poti, anabaki mteja mmoja. Wahandisi wa intaneti waliliandika hili tangu mwaka 2011, wakawashauri wenye seva waandike poti na saa sahihi pamoja na anwani. Mwaka 2017 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilikuwa bado linalalamika kwamba kushirikishana anwani kunakwamisha upelelezi. Seva nyingi hadi leo haziandiki poti, kwa sababu haimo kwenye mipangilio zinayokuja nayo. Kama una tovuti ya biashara, mwambie fundi wako aongeze poti ya mteja kwenye kumbukumbu. Kwenye programu za seva za Apache au nginx ni kuongeza neno moja kwenye mstari mmoja. Na kama tovuti imekaa nyuma ya Cloudflare au huduma nyingine inayopokea wageni kabla ya seva yako, ahakikishe inayoandikwa ni anwani halisi ya mgeni, maana bila hivyo utajikuta una daftari lililojaa anwani za Cloudflare tu.

Unaweza kupima mwenyewe kama unashirikishwa anwani. Fungua ukurasa wa rauta yako (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), tafuta mahali palipoandikwa WAN, soma anwani iliyopo hapo. Kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo fungua tovuti yoyote inayoonyesha "IP yangu". Namba mbili zikifanana, anwani ni yako peke yako kwa wakati huo. Zikitofautiana, kuna uwezekano mkubwa unashirikiana na wengine. Na ile ya WAN ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna haja hata ya kulinganisha, kwa sababu mafungu hayo yametengwa kwa matumizi ya ndani. Kwenye bando la simu tarajia kushirikishwa. Starlink, iliyopata leseni Rwanda mwaka 2023, nayo huwashirikisha wateja wake wa kawaida. Kwenye faiba inategemea kampuni na kifurushi.

Baada ya IP, kijana wa elfu ishirini huleta ramani. Ameingiza namba kwenye tovuti ya kutafuta mahali, na alama nyekundu imesimama juu ya paa la nyumba ya mtu. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kabisa, kwa sababu watu wameumizwa na alama hiyo.

Tovuti hizo hazioni simu iko wapi. Zinasoma kwenye orodha zilizokusanywa na kampuni kama MaxMind ya Marekani, na orodha hizo hukisia. Zikijua nchi tu, huweka alama katikati ya nchi. Zikijua mji tu, huweka katikati ya mji. Huko Kansas kuna shamba lililokuwa karibu na katikati ya Marekani; anwani zaidi ya milioni 600 zilielekezwa hapo, na kwa miaka familia ikapokea polisi, watoza kodi na watu wenye hasira waliodai wameibiwa, mpaka mwandishi wa habari Kashmir Hill alipofichua chanzo chake mwaka 2016. Miaka mitatu baadaye akaandika kisa cha nyumba moja Pretoria, Afrika Kusini. Mama mmoja na mwanawe waliishi humo wakigongewa na watu wanaotafuta simu zilizoibiwa, polisi, hata watu wanaotafuta ndugu waliopotea. Hawakuwa na kosa lolote. Nyumba yao ilikuwa imeangukiwa na nukta iliyochaguliwa kuwakilisha mji mzima wa Pretoria.

Kigali nayo ina nukta yake kwenye kila orodha ya aina hiyo. Tena mteja wa Musanze au Rusizi anaweza kuonekana yuko Kigali, kwa kuwa mtambo wa kampuni yake uko Kigali. Kwa hiyo usiende kugonga nyumba ya mtu kwa sababu ya alama kwenye ramani, na usimtume kijana wa mtaa aende. Kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji, akija kukuuliza umejuaje, jibu la "niliona kwenye tovuti" halitakufikisha mbali, na anayeweza kuishia kituoni ni wewe.

Haya, umeshaibiwa au umeshaingiliwa. Fanya nini?

Kama pesa imekwenda kwa MoMo, yaani pesa ya simu, achana na habari ya IP kabisa kwa saa ya kwanza. Una kitu bora kuliko IP: namba ya simu iliyopokea na namba ya muamala. Laini za simu nchini zinasajiliwa kwa kitambulisho tangu mwaka 2013. Piga kampuni ya simu mara moja waizuie pesa kabla haijatolewa, kisha nenda RIB, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, au piga 166 bila malipo. Usishangae jina la aliyesajili laini likiwa la bibi kizee wa kijijini asiyejua lolote. Wezi hupenda laini za watu wengine. Ndiyo maana piga pia *125# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe.

Kama ni akaunti iliyoingiliwa, mpangilio wa hatua ni muhimu na wengi huukosea. Haraka ya kwanza ya kila mtu ni kubonyeza "ondoa vifaa vyote". Kabla ya hapo, piga picha ya skrini. Gmail ukiifungua kwenye kompyuta ina maandishi madogo chini kulia yanayoonyesha shughuli za karibuni za akaunti. Ukibofya utaona orodha ya anwani za IP na saa zake. Facebook na Instagram zina ukurasa wa vifaa vilivyoingia. Ukishapiga picha ndipo uwaondoe wageni, ubadilishe neno la siri, uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Ni dakika mbili tu za kuchelewa, lakini bila hizo upelelezi unaanza mikono mitupu.

Barua pepe ya kitapeli nayo ina kichwa kirefu kilichofichwa. Kwenye Gmail chagua kuonyesha barua asili, utaona mistari inayoanza na neno Received. Isome kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa ya chini ndiyo ya mwanzo wa safari. Amini ule ulioandikwa na seva yako mwenyewe. Iliyo chini yake inaweza kuwa imetungwa na tapeli. Na kama alituma kwa kutumia tovuti ya Gmail, IP yake hutaikuta humo, Google huificha. Ujumbe wa WhatsApp vile vile haubebi IP ya aliyeutuma. Simu za WhatsApp ndizo zinaweza kuunganisha simu mbili moja kwa moja na hivyo kuonyesha anwani, na tangu mwishoni mwa 2023 kuna swichi ya kuzuia hilo, chini kabisa kwenye mipangilio ya faragha. Iwashe, hasa kama kazi yako inakulazimu kupokea simu za watu usiowajua.

Halafu saa. Hapa sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Mtu anaandika kwenye maelezo yake "saa 2:15 usiku", karani anaingiza 02:15, na kampuni inafungua daftari la alfajiri wakati tukio lilikuwa la jioni. Andika kwa saa 24: 20:15. Ongeza kwamba ni saa za Kigali, ambazo ziko saa mbili mbele ya saa ya dunia ya UTC, kwa sababu seva nyingi huandika kwa UTC na kwazo tukio hilo ni la 18:15. Mwenzako wa Dar, Nairobi au Kampala saa yake imesoma 21:15. Kesi inayovuka mpaka, na za wafanyabiashara wetu karibu zote zinavuka, inaweza kufa kwa saa moja hiyo. Kumbuka kuwa anwani moja hutumiwa na makumi ya watu na poti hubadilishwa mikono. Saa ikikosewa, kampuni itataja jina kwa uaminifu wote, nalo litakuwa jina la mtu mwingine.

Peleka picha, anwani, poti kama ipo, tarehe na saa, kwa RIB. Biashara iliyoshambuliwa iwajulishe pia NCSA, mamlaka ya usalama wa mtandao, ambayo ina kikosi cha kushughulikia matukio ya aina hiyo. Usiende kaunta ya kampuni ya intaneti ukadai jina la mteja. Mhudumu hana ruhusa ya kukupa, na akikupa amevunja sheria ya ulinzi wa data binafsi ya mwaka 2021. Lakini unaweza kuwaandikia kupitia barua pepe ya malalamiko uliyoiona kwenye whois, ukiwaomba wahifadhi kumbukumbu za saa fulani wakati kesi inafunguliwa. Fanya hivyo mapema. Kumbukumbu hazikai milele.

Mpaka hapa nimezungumza na aliyeumizwa. Nigeuke sasa kwa mwenye nyumba ya wageni, mwenye mgahawa, mwenye duka la kuchapa na huduma za serikali za Irembo, na meneja wa ofisi ndogo yenye waifai. Tuseme upelelezi umefanywa vizuri: anwani, poti, saa, kampuni imefungua daftari lake. Jina linalotoka humo ni la aliyelipia huduma, yaani wewe. Safari ndefu iliyoanzia Mauritius inaishia kwenye rauta iliyobandikwa juu ya mlango wa mapokezi, na daftari la mwisho kabisa unalo wewe.

Lina nini? Fungua ukurasa wa rauta ya nyumba ya wageni ya kawaida Remera, nenda kwenye DHCP, orodha ya vifaa. Utaona kitu kama hiki: 192.168.1.104, TECNO-SPARK; 192.168.1.107, iPhone; 192.168.1.111, hakina jina; 192.168.1.112, hakina jina. Pembeni kuna namba ndefu ya herufi na tarakimu, MAC, ambayo zamani ilikuwa alama ya kudumu ya kifaa. Siku hizi si ya kuitegemea. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila waifai. Tena MAC haivuki rauta. Tovuti ya mbali haiioni, kwa hiyo anayekwambia amepata MAC ya mwizi kupitia kiungo cha harusi anakudanganya. Na umeme ukikatika, rauta nyingi za bei nafuu husahau orodha yote.

Kazi ya kupanga hayo ni ya mchana mmoja. Badilisha neno la siri la kuingilia kwenye rauta yenyewe, lile la admin, maana wageni wengi wanalijua na aliyeingia humo anaweza kufuta kila kitu. Tengeneza mtandao wa wageni uliotengana na wa ofisi, ili simu ya mpita njia isionane na kompyuta ya malipo. Rekebisha saa ya rauta: chagua ukanda wa UTC+2 na uwashe ijirekebishe yenyewe, kwani rauta ambayo haijapata saa huamka ikidhani ni mwaka 1970, na daftari lenye tarehe ya 1970 halimsaidii mtu. Ukiwa na wageni wengi, nunua kifaa kidogo cha MikroTik, umwambie fundi akutengenezee vocha: kila mgeni anapewa namba yake ya kuingilia, nawe unaandika kwenye kitabu cha wageni ni vocha gani kapewa nani. Hilo peke yake litakuokoa siku mpelelezi akija kuuliza ni nani alikuwa mtandaoni Jumamosi saa 23:40.

Usipitilize. Wapo wanaotaka kuandika kila tovuti anayoifungua mgeni. Huna haja nayo, na ukiwa nayo una mzigo. Sheria ya 2021 inamtaka anayekusanya data za watu akusanye kinachohitajika tu, akitunze salama, asikae nacho kupita haja, na ajisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NCSA. Anwani ya ndani, kifaa, vocha, saa ya kuingia na kutoka: vinatosha. Bandika tangazo dogo mapokezi ili mgeni ajue.

Kwa kamera na printa, fundi akikuuzia "IP ya kudumu" muulize ipi. Printa inahitaji tu rauta iitengee anwani ile ile ya ndani kila siku, jambo lisilo na malipo. Anwani ya kudumu ya nje ni bidhaa ya kampuni ya intaneti, unailipia kila mwezi, na ina maana kama una seva ofisini au matawi yanayounganishwa. Ukiinunua kwa ajili ya kuangalia kamera ukiwa safarini, hakikisha neno la siri la kamera si lile ililokuja nalo, la sivyo utakuwa umeifungulia dunia nzima duka lako.

Mambo mawili zaidi hubadilisha safari hii ya madaftari. VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, hubadilisha anwani inayoonekana upande wa pili, na daftari linahamia kwa mwenye VPN. Anwani za mfumo mpya, IPv6, ni nyingi kiasi cha kila kifaa kupata yake bila kushirikishana, ingawa simu hubadilisha nusu yake ya mwisho mara kwa mara kulinda faragha.

Siku ikifika na wapelelezi wakaja kuulizia daftari lako, omba kitambulisho cha kazi na ombi la maandishi lenye namba ya kesi, tarehe na saa wanazozihitaji. Usimpe mtu anayepiga simu akisema ni afisa. Toa kumbukumbu za saa zilizotajwa, usitoe za mwezi mzima, na ubaki na nakala iliyotiwa saini na aliyepokea. Ombi likiwa halali, usifute wala kuficha kitu. Ukiona lina kasoro, mtafute wakili kabla hujakataa, kwa sababu kukataa nako kuna bei yake. Tanzania, Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Melo alijua anachokitetea na alikuwa na mawakili. Mhudumu wako wa zamu ya usiku hana wakili, kwa hiyo mwandikie leo, kwenye karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya kaunta, ni nani wa kumpigia simu wakija.